Nyumba Njema Si Mlango: Gari la Dukani na Gari la Mashindano katika Historia ya Safari

Utangulizi

Katika lugha yetu neno safari halina makuu. Aendaye mnadani yu safarini, na aendaye Makka yu safarini vile vile. Lakini tangu mwaka 1953 neno hilo limepata maana ya pili, na maana hiyo inajulikana Paris, Tokyo na Helsinki sawasawa na Nairobi: mashindano ya magari yanayopita katika barabara za Afrika Mashariki. Ni maneno machache ya Kiswahili yaliyokwenda mbali kiasi hicho.

Kwa miaka mingi watoto wa shule walisimama kandokando ya barabara hizo, wengine juu ya miti, wakingoja wingu la vumbi litokee upeo wa macho. Wingu lilipofika waliona gari walilolijua. Lilikuwa na jina lile lile na sura ile ile ya gari la daktari wa wilaya, au la abiria walilopanda kwenda kumwona nyanya. Furaha yao ilitokana kwa sehemu kubwa na utambuzi huo: gari la kwetu lilikuwa linashindana.

Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali moja ambalo watoto wale hawakuwa na haja ya kuliuliza. Je, gari lile lililopita lilikuwa kweli gari lile lile lililouzwa dukani? Huenda msomaji akadhani kwamba hili ni swali la mafundi tu. Sivyo. Jibu lake limebadilika mara nyingi tangu mwaka 1953, na kila lilipobadilika, ilibadilika pia nafasi ya mwenyeji ya kushinda katika ardhi yake mwenyewe. Kwa hiyo historia ya vyuma hivi ni sehemu ya historia yetu.

Gari kama lilivyouzwa

Mashindano ya kwanza yalifanyika kuanzia mwisho wa Mei hadi tarehe 1 Juni, 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hatuna budi kukumbuka hali ya wakati ule. Nchi zote tatu zilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Walioshika usukani walikuwa walowezi wa Kizungu na baadhi ya Waasia. Mwafrika alikuwa mtazamaji, au alikuwa fundi gerejini, au alikuwa yule mwanakijiji aliyeitwa kulisukuma gari lililokwama kwenye tope.

Waandalizi, wakiongozwa na Eric Cecil, waliweka sharti ambalo leo laonekana la ajabu. Magari yalitakiwa yawe kama yalivyotoka dukani, bila kuongezwa nguvu. Tena hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini, kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya, bali kwa bei yake katika maduka ya Afrika Mashariki. Maana ya mpango huo ilikuwa wazi. Mashindano yalikuwa mtihani wa bidhaa. Mnunuzi aliyekuwa na fedha kiasi fulani alitaka kujua ni gari gani kati ya yale aliyoweza kuyanunua lingeweza kustahimili barabara zetu.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen, lile gari dogo lenye mgongo wa kobe na injini nyuma, ambalo halikuwa na mbio wala fahari. Mwaka 1957 Volkswagen ilishinda tena, na mwaka 1962 kwa mara nyingine. Mwaka 1956 ilishinda DKW, gari dogo la Kijerumani. Barabara haikujali bei. Ilichouliza ni kama springi zitashika, kama rejeta haitatoboka, na kama vumbi halitaingia pasipopaswa.

Yaliyoongezwa na mafundi

Hata hivyo, kusema kwamba gari lilikuwa la dukani hakumaanishi kwamba lilikwenda barabarani jinsi lilivyo. Kadiri miaka ilivyopita na mashindano kuingia katika kalenda ya kimataifa, kanuni ziliruhusu nyongeza moja baada ya nyingine. Nyongeza nyingi hazikulenga mbio, zililenga uhai wa gari. Chini ya injini paliwekwa bamba nene la chuma ili mawe yasipasue sampu ya oili. Mbele palifungwa vyuma vya kukinga wanyama na taa kubwa za usiku. Bodi iliongezewa weldingi mahali palipojulikana kupasuka. Ndani ya buti palikuwa na magurudumu ya akiba, sepetu, kamba na spea.

Nyongeza moja yatupendeza zaidi ya zote. Baadhi ya magari yalifungwa vishikio juu ya buti na mahali pa kukanyaga kwenye bampa la nyuma. Gari lilipoingia topeni, msoma ramani alitoka, akapanda nyuma, akashika vishikio na kurukaruka ili uzito wake uyasaidie magurudumu kukamata ardhi. Kila aliyewahi kumwona utingo wa lori la mizigo wakati wa masika anaijua kazi hiyo. Hakuna kiwanda cha Ulaya kilichoibuni. Ilikuwa elimu ya barabara zetu.

Ukali wa barabara hizo wathibitishwa na hesabu mbili. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, na yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lao lilikuwa Peugeot 404. Kati ya ushindi huo wa mara mbili, Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania walishinda kwa gari la aina hiyo hiyo mwaka 1966 na 1967. Basi Peugeot 404 ilishinda mara nne, na ilikuwa gari la familia, gari la ofisi na gari la abiria. Watu waliiita pijo, na waliiamini kwa sababu waliiona topeni.

Hapa pia hatuwezi kumwacha Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari kwa kazi yake, aliyeshinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao, Volvo PV544, halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano kabla halijafika mikononi mwao, na aina hiyo ilikuwa imebuniwa tangu miaka ya 1940. Fundi aliyelijua gari lake, akaifungua na kuifunga kila nati yake, alizishinda timu zilizoletwa na viwanda.

Hesabu ya kiwanda

Sasa tuingie katika kanuni, maana ndizo zilizoamua kila kitu. Chama cha kimataifa cha mchezo huu kiliyapanga magari katika makundi, na kipimo cha kila kundi kilikuwa idadi ya magari yaliyotengenezwa. Kwa Kundi la Kwanza kiwanda kilitakiwa kiwe kimetengeneza magari 5,000 ya aina hiyo katika muda wa miezi kumi na miwili. Kwa Kundi la Pili yalitosha 1,000. Kwa Kundi la Nne yalitakiwa 500, na baadaye 400. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: magari yakiwa mengi, ni lazima yauzwe kwa watu, na likiuzwa kwa watu, ni gari la kweli.

Lakini kila sheria ina mlango wa nyuma. Idadi ilipopungua, kiwanda kiliweza kufanya kinyume. Badala ya kulichukua gari la watu na kulipeleka mashindanoni, kilibuni gari la mashindano kwanza, kisha kikatengeneza mia chache ili kutimiza hesabu. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda kwa Ford Escort RS1600. Kwa sura ilikuwa Escort ile ile ya bei nafuu iliyoegeshwa mbele ya ofisi nyingi. Ndani mlikuwa na injini ya vali kumi na sita ambayo karani aliyenunua Escort ya kawaida hakupata kuiona. Mikkola na Palm walikuwa watu wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Katika miaka yote kabla ya hapo, wageni walikuwa wamekuja na kurudi mikono mitupu.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kuanzia wakati huo bodi ya gari ilikuwa mlango tu.

Pijo na Stratos

Mashindano ya mwaka 1975 yanafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu katika mwaka huo mawazo mawili yalikutana uso kwa uso.

Upande mmoja palikuwa na Lancia Stratos. Gari hili lilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya mashindano. Lilikuwa fupi, pana na la chini, lenye viti viwili tu, na injini yake, iliyotoka katika gari la Ferrari Dino, iliwekwa nyuma ya viti. Hakuna mkulima wala mwalimu aliyelihitaji. Lilitengenezwa kwa idadi ndogo ili kukidhi kanuni. Aliyeliendesha, Sandro Munari, alikuwa miongoni mwa madereva hodari wa dunia.

Upande wa pili palikuwa na Peugeot 504, gari la milango minne. Ndilo gari ambalo kwa umbo la gari la abiria lilikuja kubeba watu, magunia na kuku kutoka mji hadi mji katika sehemu kubwa ya Afrika. Ove Andersson wa Sweden aliliendesha na kuwa wa kwanza. Stratos ya Munari ilikuwa ya pili, na Stratos nyingine, ya Björn Waldegård, ilikuwa ya tatu. Stratos ilishinda mashindano mengi ya Ulaya, lakini Safari haikupata kuishinda hata mara moja.

Twajifunza nini hapa? Wengine husema kwamba gari la dukani lilikuwa bora kuliko la mashindano. Hilo si sahihi. Lililo sahihi ni kwamba gari hujibu swali liliyoulizwa na wabunifu wake. Stratos ilijibu swali la milima ya Ulaya, ambako lami ni safi na mwendo ni wa dakika chache chache. Peugeot 504 ilibuniwa kwa springi ndefu na mwendo laini juu ya barabara mbovu, kwa hiyo swali la kilomita 5,000 za mawe, tope na vumbi lilikuwa karibu na swali lake la kila siku. Kiwanda kilikuwa kimekwisha kulitengeneza gari la Safari bila kukusudia, pale kilipotengeneza gari la watu wanaoishi penye barabara kama hizo.

Kundi B na mafunzo yake

Mwaka 1982 makundi ya zamani yaliondolewa, na badala yake yakawekwa mengine. Kundi A lilitaka magari 5,000. Kundi B lilitaka 200 tu. Matokeo yake yalitokea upesi. Peugeot 205 ya dukani ilikuwa gari dogo la nyumbani, lenye injini mbele na kuendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Peugeot 205 ya Kundi B ilikuwa na injini nyuma ya dereva, na magurudumu yote manne yaliendeshwa. Yaliyofanana yalikuwa jina, taa na umbo la mbele. Kampuni ilifurahi mnunuzi alipoona mfanano huo, na haikuona sababu ya kumweleza tofauti.

Hata hivyo Safari iliendelea na ubishi wake. Mwaka 1984, 1985 na 1986 iliyoshinda ni Toyota Celica, ambayo nayo ilikuwa ya Kundi B lakini ilibakia na mpangilio wa kawaida: injini mbele, na nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Audi Quattro za Kundi B, zilizotisha Ulaya yote, hazikuwahi kushinda Safari.

Mwaka 1986 watazamaji waliuawa katika mashindano ya Ureno, na mwezi Mei mwaka huo huo Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto waliteketea katika gari lao kisiwani Corsica. Kundi B likapigwa marufuku, na Kundi A likachukua nafasi yake kuanzia mwaka 1987. Na nani aliyeshinda Safari mwaka huo? Ni Hannu Mikkola, kwa Audi 200, gari kubwa na zito la wakurugenzi. Audi ilipata kwa gari la ofisi kile ilichokikosa kwa gari la mashindano.

Kundi A lilileta jambo jingine. Kwa kuwa kiwanda kililazimika kuuza maelfu ya magari yafananayo na lile la mashindano, gari la mashindano lilianza kulizaa gari la dukani. Lancia Delta Integrale na Toyota Celica ya magurudumu manne yenye tabo, ambazo ziligawana ushindi wa Safari kuanzia mwaka 1988 hadi 1995, ziliuzwa kwa mtu yeyote mwenye fedha. Hata katika magari madogo mfanano ulikuwepo. Mwaka 1993 Patrick Njiru wa Kenya aliendesha Subaru Vivio, gari lenye injini ya sentimita za ujazo 660 tu, akafika mwisho mahali ambapo magari makubwa yaliachwa njiani.

Hali ya karne hii

Kuanzia mwaka 1997 kanuni ziliruhusu kiwanda kulichukua gari la kawaida na kulitia tabo na mwendo wa magurudumu manne, hata kama lile la dukani halikuwa na vitu hivyo. Ford Focus aliyoshinda nayo Colin McRae mwaka 1999 ilikuwa ya namna hiyo. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, ikarudi mwaka 2021, Sébastien Ogier aliposhinda kwa Toyota Yaris. Tangu mwaka 2022 magari ya daraja la juu hayaanzi tena na bodi ya kiwandani. Huanza na kiunzi cha mabomba ya chuma, kisha kiunzi hicho huvikwa ngozi yenye sura ya gari linalouzwa. Njia nayo imefupishwa mno, na sehemu kubwa yake iko karibu na Naivasha. Kutoka gari lililopigwa marufuku kubadilishwa mwaka 1953, tumefika kwenye gari ambalo la dukani ndani yake ni sura na jina.

Nani alishinda?

Tumeahidi kuonyesha uhusiano wa mambo haya na mwenyeji, na sasa twatimiza ahadi. Tangu mwanzo hadi mwaka 1971 washindi wote walikuwa wakazi wa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1972 na 2002 Safari ilifanyika mara 31, na wakazi walishinda mara 8: Shekhar Mehta mara tano, Joginder Singh mara mbili, na Ian Duncan mara moja, mwaka 1994. Katika miaka ishirini ya mwisho ya kipindi hicho, Duncan alikuwa peke yake. Safari ilipoondolewa katika ubingwa wa dunia, na magari yaliyo karibu zaidi na ya dukani kutawala, wenyeji walirudi juu ya orodha. Uliporejea ubingwa, kuanzia mwaka 2021 hadi 2025, washindi wote wametoka Ulaya.

Msomaji makini atapinga, na ana haki. Atasema kwamba wenyeji wa zamani walishinda kwa sababu walizijua njia, si kwa sababu ya aina ya gari. Atasema tena kwamba Mehta, katika ushindi wake wa mfululizo wa mwaka 1979 hadi 1982, alisaidiwa na kiwanda cha Datsun, na kwamba Joginder alisaidiwa na Mitsubishi mwaka 1974 na 1976. Hayo yote ni kweli, na hatuyafichi. Lakini hoja yetu ni pana kuliko hapo. Gari lilipokuwa la dukani, ujuzi wa barabara na mikono ya fundi viliweza kupimana na fedha za kiwanda. Gari lilipogeuka kuwa chombo kisichouzwa, ujuzi huo ulibaki bila mahali pa kushika. Mtu hawezi kulitengeneza usiku gari ambalo hajaruhusiwa kulifungua.

Hitimisho

Yasidhaniwe kwamba tunalilia mwaka 1953. Mashindano yale yalikuwa sherehe ya mtawala juu ya ardhi ya mtawaliwa, na kanuni nzuri ya magari haikufuta ubaya huo. Tunachosema ni kwamba ndani ya sherehe ile mlikuwamo wazo la haki ambalo halikuwa mali ya mkoloni: kwamba chombo kinachotumiwa na watu kipimwe mbele ya watu, katika hali ya maisha yao, na matokeo yajulikane kwa wote.

Walimu wanaweza kuyatumia maelezo haya kwa njia rahisi. Katika kila mji wetu ipo gereji yenye fundi mzee aliyefunga springi na kuchomea bodi za magari ya miaka ile. Wanafunzi na waende wakamwulize ni mahali gani Peugeot 504 ilipasuka kwanza, na yeye aliizibaje. Majibu yake hayamo katika matangazo ya kampuni yoyote, na mara nyingi hayakuandikwa popote. Mzee huyo akiondoka kabla hajaulizwa, tutabaki na picha za magari yanayong'aa, na hatutajua tena yaliyokuwa ndani.